Sekunde Kumi na Moja

Saa sita na nusu, baada ya matangazo ya vifo
na kabla ya bei ya unga sokoni Kadutu,
nilisafisha koo nikasema: genge.
Genge la wanafunzi limechoma rejista ya shule huko Bagira.

Barua ya prefe haikuandika genge.
Iliandika "baadhi ya wanafunzi", kwa wino uliokwisha katikati ya sentensi.
Lakini baadhi ni neno lisilo na meno,
na mimi nilikuwa na dakika tatu za kujaza
kabla umeme haujakatika.
Nikaongeza: nidhamu imekufa. Wazazi mko wapi?

Sauti yangu, huniambia watu, ni tamu kwa kulaumu.
Ilishuka ngazi za Kadutu ikiitangulia mvua,
ikaingia saluni, ikaingia kwa fundi cherehani,
ikamkuta mama anapanga sambaza kwenye sinia.
Aliacha kupanga. Ana mtoto shule ile.
Kufikia jioni kila shati jeupe na suruali ya buluu
ilinuswa mikono, kama inanuka kiberiti.

Siku ya tatu walifukuzwa watatu.
Nikasoma majina, polepole,
kama mtu anayehesabu noti za mwenzake:
Zagabe. Mulumeoderhwa.
Ntaboba, mtoto wa fundi wa mabati.

Siku ya tano kijana alisimama mlangoni pa studio,
viatu mkononi, tope la Bagira hadi magotini.
Hakusalimia.
"Papa, miye njo nilichoma.
Hakukuwa genge. Nilikuwa peke yangu.
Sema vile kwa redio."

Jina? Cubaka. Akachukua kalamu yangu
akaliandika mwenyewe, nisije nikalikosea.

Nilimtafutia sababu nzuri, ndiyo kazi yangu:
Njaa? Karo? Baba mlevi?
"Hapana. Nilikuwa nacheza karata Nyawera.
Siku kumi na saba. Baba aliitwa aje aone rejista."
Prefe anajua?
"Nimetoka kwake. Akasema: sasa nenda kwa yule aliyetangaza."

Mhariri alisema masahihisho hayauzi sabuni.
Akanipa sekunde kumi na moja, nyuma ya michezo.

Nikaandika: Redio inaomba radhi. Nikafuta.
Redio ni waya na mlingoti; haina ulimi.
Nikaandika: Imebainika kwamba. Nikafuta.
Nilijua basi jinsi lugha yangu ilivyojaa mapazia:
ilisemekana, ilidaiwa, imeripotiwa,
vitenzi vinavyotembea mjini bila mwenyewe,
nami miaka kumi na tisa nimevichunga
nikiwauliza watoto wa watu kwa nini hawakiri.

Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni,
tope likimkauka miguuni. Alikuwa anasubiri.

Nikasema: Nilisema genge. Genge halikuwepo.
Nilisoma majina matatu ya watoto wasio na kosa.
Nilikosea mimi, Byaombe.
Ilitosha. Zikabaki sekunde mbili za kimya
ambazo fundi mitambo alizijaza na tangazo la sabuni.

Sasa Cubaka anabaki shuleni kila alasiri
kuiandika upya rejista, kutoka madaftari ya wenzake,
majina hamsini na manne, kwa rula na kalamu nyekundu.
Nilikwenda kumtazama. Sikubeba kinasa sauti.
Kwenye mstari wake ameandika hayupo, hayupo, hayupo,
mara kumi na saba,
mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu.

Zagabe amerudi. Mulumeoderhwa amerudi, hasemi na mtu.
Ntaboba alipelekwa kwa mjomba wake Uvira
usiku uleule niliposoma jina lake,
na huko mawimbi yetu hayafiki.
Jina lake limenakiliwa. Mbele yake ni vyumba vitupu.

"Hapa niandike nini?" Cubaka aliniuliza,
kalamu juu ya karatasi.
Mimi mwenye maneno.
Nilitazama dirishani, mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani.
Bado anasubiri.